Nilimpa mdogo wangu figo, sasa ana kuvu ubongoni: aache dawa ipi?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Nyamasaria, Kisumu. Ninakuandikia kwa sababu kila ninayemwuliza ana jibu lake, na majibu yenyewe hayapatani.

Miaka miwili iliyopita nilimpa mdogo wangu wa kiume figo yangu moja. Yeye ni seremala, ana kibanda cha kutengeneza vitanda na makabati karibu na soko la Kibuye, na ana mke na watoto watatu. Tuliuza ng'ombe, tukafanya harambee nyumbani na kanisani, upasuaji ukafanikiwa, naye akarudi kazini. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, yaani takrolimusi asubuhi na jioni pamoja na mikofenolati na prednisoloni, alizimeza bila kukosa hata siku moja.

Miezi michache iliyopita alianza kuumwa na kichwa. Tulidhani ni malaria, tukamnunulia dawa dukani mara mbili bila kumpima. Kichwa kiliendelea kwa wiki tano, na siku alipomwita mke wake kwa jina la marehemu mama yetu ndipo tulipomkimbiza hospitali. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakatuambia ana homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu iitwayo kriptokokasi. Alilazwa wiki mbili, akawekewa dripu ya amfoterisini, akapewa na vidonge vya flusitosini, zote dawa za kuua kuvu. Alipata nafuu kubwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa nyingine ya kuvu, flukonazoli ya miligramu 400 kwa siku.

Siku ya kumi nyumbani mikono ilianza kutetemeka, hata chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na penseli ya kupigia mistari kwenye mbao haikamatiki tena. Tulimpima damu, na kreatinini, yaani taka ya damu ambayo huongezeka figo ikilegea, ilikuwa 118 na sasa imefika 187. Kliniki yake ya figo iko mji mwingine na tarehe yake ni wiki tatu zijazo. Aliyemwandikia flukonazoli hakugusa takrolimusi, na hakuna aliyetuambia tupime kiwango chake.

Baba mdogo anasema takrolimusi ndiyo iliyomlegeza kinga hadi kuvu ikaingia, kwa hiyo iachwe. Mke wa mdogo wangu anasema mikono haikutetemeka kabla ya flukonazoli, kwa hiyo hiyo ndiyo iachwe, kwani kichwa kimepoa. Yeye mwenyewe tangu juzi ameacha takrolimusi ya jioni, anameza ya asubuhi tu. Alfajiri kichwa humuuma kidogo, naye hutumia diklofenaki ya dukani.

Majirani wamesikia jina la ugonjwa wakaanza kunong'ona kwamba huo ni ugonjwa wa watu wenye virusi vya ukimwi. Mke wake amemtengea kikombe na sahani. Nami usiku silali, nikijiuliza kama kuvu ile ilitoka katika figo niliyompa.

Naomba unijibu, aache dawa ipi?

Dada Mkubwa, Kisumu

JIBU

Dada yangu,

Barua yako niliisoma asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekupigia simu kwa namba uliyoiacha, kwa maana yapo maneno ambayo hayangeweza kungoja kuchapishwa. Ninayarudia hapa kwa idhini yako, kwa sababu najua zipo familia nyingine, Kisumu na kwingineko, zinazoshika karatasi kama hiyo mliyoshika ninyi na kubishana sebuleni juu ya dawa ipi itupwe.

Mdogo wako asiache hata moja kati ya dawa hizo mbili kwa uamuzi wa nyumbani. Hiyo haina maana kwamba aendelee kuzimeza kama zilivyo. Dalili ulizozitaja zinaonyesha kwa nguvu kwamba dozi ya takrolimusi inahitaji kupunguzwa, lakini ipunguzwe na daktari wake, kwa kiasi kinachojulikana, baada ya damu kupimwa, na si kwa kuruka dozi ya jioni. Ndiyo maana nilikuomba mumpeleke hospitali siku ileile mkiwa na dawa zake zote ndani ya mfuko, hata zile za dukani, na mpige simu kliniki ya figo badala ya kungoja wiki tatu. Tarehe ya kliniki huandikwa kwa mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika, na ya kwake imebadilika.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya mwili wake, kwa sababu mkikielewa, ugomvi wa nyumbani utapungua. Takrolimusi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyo kwenye ini na kwenye kuta za utumbo, na daktari aliyepanga dozi yake miaka miwili iliyopita aliipanga akijua kwamba kila siku sehemu kubwa ya dawa itavunjwa hivyo. Flukonazoli, pamoja na dawa nyingine za ukoo wake, hufunga mikono ya vimeng'enya hivyo. Mgonjwa anameza vidonge vilevile, saa ileile, lakini dawa haivunjwi tena kwa kasi ya zamani, nayo hujikusanya katika damu siku hadi siku. Takrolimusi ikizidi, mikono hutetemeka, kichwa huuma, presha hupanda, potasiamu huongezeka, na figo yenyewe, ile ambayo dawa inailinda, huanza kuumia. Kwa hiyo mke wake ameona sawasawa kwamba mtetemeko ulikuja baada ya flukonazoli. Alichokosea ni kudhani kwamba anayetetemesha mikono ni flukonazoli yenyewe.

Jambo hili linajulikana vizuri katika kazi yetu. Mgonjwa wa figo iliyopandikizwa anapoanzishiwa flukonazoli, takrolimusi hupunguzwa mapema na kiwango chake katika damu hupimwa ndani ya siku chache, kisha hupimwa tena na tena hadi kitulie. Kwa vorikonazoli, dawa ya kuvu ya ukoo huohuo ambayo ina nguvu zaidi katika kufunga vimeng'enya hivyo, takrolimusi hushushwa hadi theluthi moja ya dozi tangu siku ya kwanza. Aliyemruhusu mdogo wako kwenda nyumbani bila kulipanga hilo aliacha pengo, na ninasema hivyo bila kutaka kumlaumu mtu aliyeokoa maisha ya mgonjwa huyo wiki mbili kabla. Hospitali iliyotibu kuvu na kliniki inayolinda figo ni mahali pawili tofauti, na katikati yao kulikuwa na familia iliyobeba bahasha. Pengo hutokea hapo.

Kuhusu kipimo chenyewe, sikiliza kwa makini, kwa maana kosa dogo hapa hupotosha kila kitu. Damu ya kupima takrolimusi hutolewa kabla tu ya dozi ya asubuhi, zikiwa zimepita saa kumi na mbili hivi tangu dozi ya jioni. Asimeze ya asubuhi nyumbani, bali aibebe mfukoni, atolewe damu, kisha ndipo aimeze. Na kwa kuwa ameruka dozi za jioni, amwambie daktari ukweli wote, pamoja na siku na saa aliyomeza mara ya mwisho, la sivyo matokeo yatasomwa kana kwamba alimeza jana usiku na dozi itapangwa juu ya uongo. Wagonjwa wengi huona haya kukiri kwamba waliruka dawa. Mwambie hakuna atakayemgombeza, na akigombezwa, avumilie, kwa sababu namba ile ndiyo itakayoongoza mkono wa daktari. Katika hospitali nyingi za kaunti kipimo hiki hakifanyiwi palepale na sampuli husafirishwa hadi maabara kubwa, kwa hiyo ulizeni siku gani husafirishwa na majibu hurudi lini, ili asikae wiki nzima akingoja bila mtu kufuatilia.

Kreatinini iliyopanda kutoka 118 hadi 187 haina sababu moja tu inayowezekana, na hapa ndipo ninapowasihi mwache kukisia. Inaweza kuwa takrolimusi iliyozidi. Inaweza kuwa mabaki ya madhara ya amfoterisini, dawa ambayo huua kuvu hii vizuri kuliko nyingine lakini huchokoza figo na kumwaga potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Ipo amfoterisini ya kawaida, na ipo ile iliyofungwa ndani ya vitone vidogo sana vya mafuta, ambayo ni ghali zaidi lakini ina huruma kwa figo na ndiyo inayopendekezwa kwa waliopandikizwa, kwa hiyo ulizeni alipewa ipi na kwa siku ngapi. Inaweza pia kuwa mwili umeanza kuikataa figo, hasa baada ya dozi za jioni kurukwa, na figo ikikataliwa si lazima ipatikane dalili ya maumivu. Tena, dada yangu, inaweza kuwa diklofenaki. Umeitaja mwishoni mwa barua kama kitu kidogo, nami niliposoma mstari ule nilisimama. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za aina hiyo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na takrolimusi nayo hufanya hivyo hivyo. Mtu mwenye figo moja ya kupandikizwa hapaswi kuzigusa bila ruhusa ya daktari wake. Hiyo ndiyo dawa pekee katika barua yako niliyokuambia ikomeshwe siku ileile, na mahali pake patumike parasetamoli kwa kiasi atakachoelekezwa.

Baba mdogo amesema takrolimusi ndiyo iliyofungua mlango, na katika hilo ameshika nusu ya kweli. Dawa za kuzuia kukataliwa kwa figo hulegeza askari wa mwili, na kuvu ambazo mtu mwenye kinga kamili huzivuta hewani kila siku bila kujua hupata nafasi. Madaktari wenyewe, wanapotibu maambukizi mazito kama haya, hupunguza dawa hizo. Lakini hupunguza hatua kwa hatua, na mara nyingi huanza na prednisoloni au mikofenolati. Prednisoloni nayo haiachwi ghafla, kwa maana mwili uliozoea kupewa huwa umesahau kujitengenezea ya kwake, na mtu anaweza kuzirai na hata kufa. Zikiachwa zote kwa pamoja, hutokea mambo mawili. Figo hukataliwa, na anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu ambayo mliuza ng'ombe ili aiepuke. Tena kinga iliyorejea kwa kishindo huvamia mabaki ya kuvu yaliyo ubongoni, na uvimbe unaotokana na vita hivyo humrudishia homa na kichwa kikali, mgonjwa akaonekana amezidiwa wakati kuvu yenyewe inakufa.

Lipo na jingine ambalo wengi hawalijui. Takrolimusi, katika joto la mwili wa binadamu, huidhoofisha kriptokokasi, na uchunguzi wa wagonjwa waliopandikizwa viungo umeonyesha kwamba waliokuwa wakitumia dawa za ukoo huo hawakufa kwa wingi kuliko wenzao, bali walinusurika zaidi. Ukifikiri asili yake, si ajabu sana. Takrolimusi ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa eneo la Tsukuba nchini Japani, na amfoterisini ilipatikana katika miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa jamii hiyo hiyo katika udongo wa bonde la mto Orinoco, Venezuela. Viumbe hao huishi ardhini wakipigania nafasi na kuvu. Kwa hiyo mwambie baba mdogo, kwa heshima anayostahili, kwamba dawa anayotaka itupwe haiko upande wa adui peke yake.

Kwa wifi yako, nitasema kwa uwazi zaidi kwa sababu kosa analolikaribia ndilo linaloua. Kichwa kupoa si kupona. Matibabu ya kriptokokasi ya ubongoni kwa mtu aliyepandikizwa figo huenda kwa awamu: kwanza amfoterisini na flusitosini kwa wiki mbili au zaidi, kisha flukonazoli ya miligramu 400 hadi 800 kwa siku kwa wiki nane, kisha miligramu 200 hadi 400 kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Dozi hizo hurekebishwa kulingana na hali ya figo, kwa kuwa flukonazoli hutoka kwa njia ya mkojo, na figo ikilegea nayo hujikusanya. Mdogo wako yuko siku za mwanzo kabisa za awamu ya pili. Akiacha sasa, kuvu iliyojificha kwenye utando wa ubongo itaamka, na safari hiyo itakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2022 orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, hii ya mdogo wako iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Pengine mtasikia mtu akiwaambia kwamba siku hizi ugonjwa huu hutibiwa kwa dripu moja tu. Ni kweli kwamba utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ile ya vitone vya mafuta, ikifuatwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, inafanya kazi sawa na dripu ya kila siku kwa siku saba. Ni habari njema sana kwa bara letu. Lakini wagonjwa wale walikuwa na virusi vya ukimwi, hawakuwa na figo za kupandikizwa, na daktari wa mdogo wako anayo haki ya kufuata njia ndefu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya mikono ni kichwa cha alfajiri. Kinaweza kuwa takrolimusi, kinaweza kuwa presha, na kinaweza kuwa maji ya ubongo yamejaa tena. Kuvu hii huziba njia ambazo maji hayo hupitia kurudi kwenye damu, nayo hubaki yakisukuma ubongo na mishipa ya macho. Tiba yake ni ileile sindano ya mgongoni ambayo familia nyingi huiogopa kwa kuamini kwamba aliyedungwa hupooza au hafiki asubuhi. Nimekaa wadini na familia iliyokataa sindano hiyo siku mbili nzima, huku mama yao akishika kichwa kwa mikono yote na kutapika ndani ya beseni. Walipokubali, daktari aliunganisha mrija mwembamba kwenye sindano, na maji yakapanda juu ya sentimita 30, ilhali kiwango cha kawaida hakipiti 20. Yalitolewa taratibu, tone baada ya tone, ndani ya chupa ndogo, na kabla chupa haijajaa mama yule aliachia kichwa chake, akaomba maji ya kunywa. Wanaokufa baada ya sindano hiyo mara nyingi hufa kwa sababu ilichelewa. Kwa hiyo kichwa cha mdogo wako kikizidi, au akitapika, au akiona vitu viwili viwili, au akianza tena kuchanganya majina, msisubiri kupambazuke. Vivyo hivyo mkojo ukipungua, miguu ikivimba, au sehemu ya chini ya tumbo ilipowekwa figo ikiuma.

Shikeni na hili la mbele. Siku flukonazoli itakapopunguzwa au kukomeshwa, pengine mwakani, vimeng'enya vitafunguliwa mikono, na takrolimusi ambayo dozi yake ilishushwa itaanza kuvunjwa kwa kasi ya zamani. Kiwango kitaanguka, na figo inaweza kukataliwa mgonjwa akiwa amesherehekea kupona. Ni lazima dozi ipandishwe tena na damu ipimwe katika siku hizo. Andikeni jambo hilo ndani ya jalada la daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa, kwa sababu atakayekuwa zamu siku hiyo huenda akawa hajui hadithi hii.

Ukoo huu wa magomvi ya dawa ni mkubwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume kabisa, huvifanya vimeng'enya kuwa vikali na kuishusha takrolimusi pamoja na flukonazoli. Klarithromisini na erithromisini, ambazo ni antibiotiki, huipandisha. Tunda la balungi huipandisha pia, na mitishamba mingi haijulikani itafanya nini. Na kwa kuwa mnaishi kando ya ziwa, ambako malaria ni jambo la kila msimu, apimwe kwanza kila anapopata homa, na atakayempa dawa ya malaria aambiwe kwamba anatumia flukonazoli, kwa sababu dawa zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wale wasomaji wenye wagonjwa wa kuvu nyingine, kama ile ya mapafu inayotibiwa kwa vorikonazoli, wajue kwamba maelezo haya yanawahusu hata zaidi.

Sasa nije kwa lile linalokunyima usingizi. Kuvu haikutoka kwako. Yapo matukio machache duniani ambapo kriptokokasi ilisafiri ndani ya kiungo kilichotolewa, lakini hayo kwa kawaida hujitokeza katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, na zaidi mtoaji huwa alikufa kwa ugonjwa wa ubongo ambao haukutambuliwa. Wewe ulipimwa ukiwa mzima, na figo yako ilifanya kazi miaka miwili bila doa. Kwa waliopandikizwa viungo, ugonjwa huu huwa na desturi ya kujitokeza baada ya mwaka mmoja au miwili, na kuvu huvutwa pamoja na hewa, kutoka kwenye udongo, kwenye miti inayooza na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Uliniambia kwenye simu kwamba njiwa hulala juu ya dari la kibanda chake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye hufagia chini kila Jumamosi. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndiko alikoipata. Lakini kazi ya kufagia kinyesi kikavu na kuvuruga vumbi la mbao za zamani aiachie mtu mwingine, pamwagwe maji kwanza ili vumbi lisipae, nafasi za dari zizibwe njiwa wasirudi, naye akae mbali hadi pakauke. Useremala wenyewe daktari wake ataamua lini aurudie.

Kikombe na sahani virudishwe kabatini. Kriptokokasi haiambukizwi kwa kula pamoja, kwa kukohoa, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kumuuguza mgonjwa, na watoto wakae magotini mwake kama zamani. Kuhusu majirani, ni kweli kwamba hapa kwetu magharibi ugonjwa huu ulijulikana kupitia kliniki za ukimwi, na kwa hakika zinafaa kushukuriwa, kwa sababu kipimo kile cha ukanda cha kutambua kuvu hii, kinachotoa jibu kwa dakika kumi, na wauguzi wanaojua kuangalia dripu ya amfoterisini, tunavyo kwa wingi kutokana na juhudi hizo. Kuvu humfuata yeyote ambaye kinga yake imelegea, iwe ni kwa virusi, kwa saratani au kwa dawa za kulinda figo. Hamna deni la kumwonyesha jirani karatasi ya vipimo. Lakini wifi yako aelezwe vizuri na mhudumu wa afya, akiwa peke yake, kwa sababu nahisi kile kikombe kilitengwa kwa hofu ambayo hakuthubutu kuisema.

Mwisho, barua yako ilikuwa na kurasa tatu, na ndani yake hapakuwa na neno moja juu ya afya yako. Nilipokuuliza kwenye simu ulipima presha lini, ulinyamaza, kisha ukasema ni kabla ya mazishi ya mama. Mtu aliyetoa figo anapaswa kupimwa presha, kreatinini na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka, na diklofenaki hiyo ya dukani si ya kwako pia. Asubuhi mtakayompeleka mdogo wako kutolewa damu, kaa kwenye benchi karibu naye, nawe ukunje mkono wa nguo.